Kununua na kusoma Discworld: vitabu 41, uanze na kipi?

Maswali huwa ni yale yale. Viko vingapi? Lazima nianze na cha kwanza? Mbona nimesoma kurasa sitini na sijafika sura ya pili? Mbona changu ni kidogo kuliko cha rafiki yangu na jina ni lile lile? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, tangu siku unapopanga bajeti hadi kitabu cha mwisho kinapokaa kwenye rafu.

Discworld ni mfululizo wa riwaya 41 za fantasia za Mwingereza Terry Pratchett. Ya kwanza, The Colour of Magic, ilitoka mwaka 1983. Ya mwisho, The Shepherd's Crown, ilitoka Agosti 2015, miezi mitano baada ya mwandishi kufariki. Dunia yake ni bapa kama sinia, imebebwa na tembo wanne, nao tembo wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Aliyewahi kuwasikia wazee wa pwani wakisimulia dunia iliyokaa kwenye pembe ya ng'ombe, naye ng'ombe juu ya samaki, hatapata taabu kuingia humo. Ni vitabu vya kucheka hadi watu wa kwenye daladala wakugeukie, kisha ukurasa unaofuata unakukaba koo. Vinastahili kununuliwa kwa mpango, kwa sababu wengi wanaoviacha hawaviachi kwa ubaya wake. Wanaviacha kwa kuwa waliingilia mlango usiofaa.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Bajeti ya vitabu vitatu, si 41. Mtaka yote hukosa yote, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kiingereza cha kusoma gazeti bila kusitasita. Huhitaji zaidi ya hapo, ila uvumilivu wa kurasa thelathini za kwanza unahitajika.

Daftari dogo, au ukurasa wa kumbukumbu kwenye simu, wa kuandika ulivyo navyo na ulivyosoma.

Penseli laini ya 2B na kipande cha kadi cha kuwekea alama. Usitumie kalamu ya wino, wala usikunje pembe za kurasa.

Anwani ya S.L.P. inayofanya kazi na kadi ya kulipia mtandaoni, kama utaagiza nje. Kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa inatosha kwa maduka mengi.

Nusu saa kwa siku isiyoguswa na mtu.

HATUA YA 1: Ielewe mikondo

Hii ndiyo nadharia pekee utakayoihitaji. Vitabu 41 si hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande. Kila kimoja kina kisa chenye mwanzo na mwisho wake. Wanaorudi ni wahusika, nao wanarudi kwa makundi. Kila kundi ni mkondo, na mikondo yote inapita katika dunia moja.

Mkondo wa Askari wa Jiji unafuata kikosi cha askari wa zamu waliodharauliwa katika jiji chafu la Ankh-Morpork, chini ya Sam Vimes. Mkondo wa Kifo unamfuata Kifo mwenyewe, mifupa mitupu yenye joho na fyekeo refu la kuvunia, namna Wazungu walivyomchora tangu zama za kati. Usimtafute Ziraili humo. Huyu ni mtumishi mpole anayewashangaa binadamu na anayempenda farasi wake. Mkondo wa Wachawi unahitaji neno moja la tahadhari: kwa Kiswahili mchawi ni mtu mbaya basi, lakini wanawake hawa kazi yao ni kuzalisha, kutibu, kuosha maiti na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Ukiwasoma kama wakunga na waganga wa kijiji, utawaelewa mara moja. Mkondo wa Tiffany Aching umetoka humo humo, ukianza na binti wa miaka tisa kutoka kwa wafugaji wa kondoo. Mkondo wa Rincewind ni wa mwanachuo wa uchawi asiyejua uchawi, ambaye kipaji chake ni kukimbia. Na mkondo mfupi wa Moist von Lipwig ni wa tapeli aliyeponea kitanzini akapewa shirika la posta lililokufa, alifufue.

Vinabaki vichache vinavyosimama peke yake. Small Gods (1992) ndicho bora kati yao.

HATUA YA 2: Chagua mlango wako

Usianze na cha kwanza. Najua inakera mtu aliyezoea mpangilio, lakini The Colour of Magic kiliandikwa kuitania fantasia ya miaka ya nyuma, na asiyeijua fantasia hiyo huona vurugu tu. Isitoshe kinaishia njiani, na The Light Fantastic (1986) ndicho kinachokimalizia. Ukikinunua peke yake umenunua nusu ya kisa.

Milango mizuri ni hii:

Guards! Guards! (1989), kama unapenda upelelezi, siasa za jiji na watu wanyonge wanaosimama wima. Huu ndio mlango wa kumpa mtu usiyemjua vizuri. Joka linatokea jijini, na walio zamu usiku huo ni walevi na wavivu.

Mort (1987), kama unataka kitabu chepesi na kifupi. Kijana asiye na kazi anachukuliwa na Kifo kuwa mwanagenzi wake.

Wyrd Sisters (1988), kama ulisoma Shakespeare shuleni. Wachawi watatu, mfalme aliyeuawa, mzimu wake, na waigizaji wa tamthilia. Equal Rites (1987) kilitangulia, lakini mkondo wa Wachawi unashika kasi hapa.

Going Postal (2004), kama umezoea vitabu vyenye sura na kisa kinachokwenda mbio.

Small Gods, kama unataka kimoja tu uone ladha yake. Mungu mkubwa anajikuta ndani ya umbo la kobe, na anayemwamini kwa kweli amebaki kijana mmoja. Kinauliza maswali mazito kuhusu dini na ukatili unaofanywa kwa jina lake, kwa hiyo angalia unampa nani.

Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea, The Wee Free Men (2003) ndicho cha kufungulia. Tatizo lake ni lahaja ya Kiskoti ya vijitu vya buluu vilivyomo. Kisome naye kwa sauti, maana maneno hayo masikio huyaelewa kabla ya macho.

HATUA YA 3: Andika mpangilio wa mkondo mmoja

Chukua daftari uandike mkondo uliouchagua, tangu juu hadi chini. Andika pia mwaka, kwa sababu maduka mengi hayaweki namba kwenye jalada.

Askari wa Jiji: Guards! Guards! (1989), Men at Arms (1993), Feet of Clay (1996), Jingo (1997), The Fifth Elephant (1999), Night Watch (2002), Thud! (2005), Snuff (2011).

Kifo: Mort (1987), Reaper Man (1991), Soul Music (1994), Hogfather (1996), Thief of Time (2001).

Wachawi: Equal Rites (1987), Wyrd Sisters (1988), Witches Abroad (1991), Lords and Ladies (1992), Maskerade (1995), Carpe Jugulum (1998).

Tiffany: The Wee Free Men (2003), A Hat Full of Sky (2004), Wintersmith (2006), I Shall Wear Midnight (2010), The Shepherd's Crown (2015).

Moist: Going Postal (2004), Making Money (2007), Raising Steam (2013).

Ndani ya mkondo fuata mwaka bila kuruka. Kati ya mikondo ruka utakavyo.

Onyo: utasikia kila mahali kwamba Night Watch ndicho bora kuliko vyote, na huenda ni kweli. Usikiguse kabla ya vitano vilivyokitangulia. Nguvu yake yote imejengwa juu ya jinsi unavyomfahamu Vimes, na asiyemfahamu ataona kitabu kizuri tu, basi. Fursa ya kukisoma kwa mara ya kwanza ni moja maishani.

HATUA YA 4: Onja kabla ya kulipa

Maduka ya vitabu pepe hutoa sampuli ya bure ya kurasa za mwanzo. Pakua sampuli za milango miwili, soma kila moja kwa nusu saa ukiwa umetulia, si kwenye foleni ya benki. Kilichokufanya utabasamu hata mara mbili ndicho chako. Kama unafika maktaba ya umma, Maktaba Kuu ya Dar es Salaam au McMillan ya Nairobi kwa mfano, waulize wahudumu kwa jina la mwandishi, usiulize "Discworld", kwa kuwa vitabu hupangwa kwa jina la ukoo: tafuta P.

HATUA YA 5: Amua umbo na toleo

Hapa ndipo penye mitego mingi, basi nenda polepole.

Jalada laini lina vipimo viwili. Kile kidogo cha mfukoni kina urefu wa milimita 178 na upana wa 111. Kile kikubwa kidogo kina 198 kwa 129. Matoleo ya zamani ya Corgi, mchapishaji wa Uingereza, mengi ni ya kipimo kidogo, na ya karibuni ni ya kipimo kikubwa. Maneno ni yale yale. Cha mfukoni ni rahisi kubeba lakini herufi zake zinabana. Aliyevaa miwani ya kusomea anunue kipimo kikubwa.

Majalada nayo hutofautiana. Yale yenye rangi kali na watu waliosongamana kama stendi siku ya sikukuu ni ya Josh Kirby, aliyeyachora hadi alipofariki mwaka 2001. Yaliyofuata mengi ni ya Paul Kidby, yenye nyuso zilizotulia. Ukitaka rafu yenye sura moja, amua sasa na uandike jina la mchapishaji na mwaka wa toleo katika daftari. Maoni yetu: usiisumbukie. Rafu iliyochanganyika ni rafu iliyosomwa, na kumngoja Kirby wa bei nafuu kunaweza kukuchelewesha mwaka mzima kusoma kitabu ambacho toleo lake jingine liko mbele ya macho yako.

Mtego mkubwa ni majuzuu yaliyounganishwa. The City Watch Trilogy si kitabu kipya: ndani yake mna Guards! Guards!, Men at Arms na Feet of Clay. The Death Trilogy ina Mort, Reaper Man na Soul Music. The Gods Trilogy ina Pyramids, Small Gods na Hogfather, yaani imechota kutoka sehemu tofauti. Ni nafuu kwa bei, ila ni nzito kushika kitandani, na watu wengi wamejikuta wamenunua kitu kilekile mara mbili. Soma yaliyomo kabla ya kutoa hela.

Mtego mwingine: The Science of Discworld, ambavyo ni vinne, si miongoni mwa riwaya 41. Sura zake za kisa hupishana na sura za sayansi halisi. Ni vitabu vizuri kwa wakati wake, lakini si mlango. Ramani, shajara na vitabu vya mapishi vya dunia hiyo navyo viweke hadi utakapokuwa umeshapenda.

The Last Hero (2001) kinunue katika toleo kubwa lenye michoro ya Kidby. Bila michoro hiyo umepata nusu yake.

Kitabu pepe kinafaa sana kwa aliye mbali na maduka, na faili lake halili data nyingi. Kabla ya kulipa hakikisha duka linauza katika nchi iliyosajiliwa kwenye akaunti yako. Jaribu pia tanbihi, yaani maelezo madogo ya chini ya ukurasa, kwenye sampuli: ukigusa kinyota, maelezo yafunguke juu ya ukurasa ule ule. Kama yanakurusha mwisho wa kitabu na huwezi kurudi, tafuta programu nyingine ya kusomea.

Kwa wanaosikiliza: rekodi mpya zilizoanza kutoka mwaka 2022 zina Bill Nighy anayesoma tanbihi na Peter Serafinowicz kwa sauti ya Kifo, na ni kamili. Zile za zamani zilizosomwa na Tony Robinson zimefupishwa. Anasoma vizuri, lakini sehemu kubwa ya kitabu haimo.

HATUA YA 6: Nunua vitatu vya kwanza

Anza na mitumba. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki wapo wauza vitabu wa barabarani ambao shehena zao hutoka Uingereza na Marekani, na Pratchett ni mmoja wa waandishi wanaojitokeza humo kwa sababu nakala zake zilichapwa kwa wingi. Usiulize fantasia. Mwonyeshe muuzaji picha ya jalada kwenye simu, umwachie namba, umwambie utarudi Jumamosi. Muuzaji aliyejua kuwa una shida ya kudumu atakuwekea pembeni, na bei hupungua ukichukua fungu la vitatu au vinne.

Duka la vitabu vipya huweza kukuagizia. Mpe mhudumu namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho ya tarakimu 13, ya toleo unalolitaka, si jina tu. Jina tu litakuletea toleo lolote.

Ukiagiza mtandaoni kutoka nje, linganisha jumla, yaani kitabu, usafirishaji na ada za kupokelea, wala si bei iliyoandikwa juu. Wengi bado wanashauriwa kwenda Book Depository kwa ajili ya usafirishaji wa bure: duka hilo lilifungwa Aprili 2023, achana na ushauri huo. Kwa mitumba ya nje, World of Books na AbeBooks zina nakala nyingi za Pratchett. Muulize pia mtu wa posta ya mtaani kwako ada za vifurushi ni kiasi gani kabla hujaagiza, na siku ya kuchukua nenda na kitambulisho.

Njia nafuu kuliko zote ni ndugu anayekuja likizo. Kitabu kimoja cha jalada laini kina uzito wa gramu 200 hadi 350, kwa hiyo kumi havizidi kilo tatu na nusu. Aliye Uingereza apitie maduka ya hisani kama Oxfam, maana humo Pratchett hakosekani. Mtumie orodha yenye majina kamili na uandike wazi kipi cha kwanza kubebwa mzigo ukizidi. Usimtwishe mtu vitabu 20 halafu ukategemea aje tena.

Na kama una rafiki mwenye hamu ile ile, gawaneni: wewe nunua mkondo wa Askari, yeye anunue wa Kifo, kisha mbadilishane. Kila mmoja atasoma mara mbili ya alicholipia.

HATUA YA 7: Kikague ukiwa bado hujalipa

Kwa mtumba, fanya mambo manne, dakika mbili tu. Pitisha kidole ukitazama namba za kurasa. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likichomoka limeondoka lote. Kifungue katikati taratibu: ukisikia mlio wa kukatika, gundi imekauka na kitabu kitamwaga kurasa. Kinuse. Harufu ya stoo ya kawaida haina neno, lakini harufu ya ukungu pamoja na madoa ya kijani au meusi inahamia kwenye vitabu vyako vingine. Mwisho tazama ukurasa wa mwisho kabisa wa kisa kama upo, bila kuusoma.

Kwa kinachouzwa kama kipya kwa bei ya kushangaza, angalia kama si nakala ya wizi. Jalada lina ukungu wa picha iliyopigwa kutoka picha, karatasi ni nyeupe ya fotokopi, mistari imepinda ukurasani, na pembezoni hapalingani. Kwa Pratchett hasara ni kubwa zaidi, kwani tanbihi ziko chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mashine ya mwizi hukata kwanza.

HATUA YA 8: Kilegeze kitabu kipya

Kisimamishe kwa uti wake mezani, ukiwa umezishika kurasa zote wima. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma. Laza kurasa kumi za mbele ukizipapasa karibu na uti, kisha kumi za nyuma, uendelee hivyo hadi ukutane katikati. Kitabu kilicholegezwa hivi hakivunjiki mgongo, na kinakaa wazi bila kukishindilia kwa kikombe cha chai.

HATUA YA 9: Soma

Jipime kwanza. Soma kurasa kumi kwa mwendo wako huku ukitazama saa. Kama ni dakika 20, basi saa moja kwa siku ni kurasa 30. Kitabu cha kurasa 400 kitachukua wiki mbili, mkondo wa Askari wote wenye vitabu vinane takriban miezi mitatu na nusu, na Discworld nzima, tukikadiria kurasa 350 kwa kitabu, mwaka mmoja na miezi minne. Si mbio. Ila unajua unakokwenda.

Vingi havina sura. Hii inawachanganya wapya kuliko jambo jingine lolote. Wanangoja sura ya pili ili walale, kumbe haipo. Pratchett anatenganisha matukio kwa nafasi tupu, au vinyota, katikati ya ukurasa. Simamia hapo. Usisimamie katikati ya mazungumzo, kwa sababu kesho hutakumbuka nani alikuwa anasema nini. Vitabu vya Tiffany na Going Postal vina sura, ndiyo maana ni vyepesi kwa mwenye muda wa vipandevipande.

Tanbihi isome pale pale unapokutana na kinyota. Si marejeo ya kitaaluma, ni nusu ya utani. Anayeziruka anakula pilau akiacha nyama.

Herufi kubwa zisizo na alama za kunukuu ni Kifo anazungumza. Zikitokea ghafla kwenye kitabu cha mkondo mwingine, usidhani ni kosa la uchapaji. Kifo hupita karibu katika vitabu vyote.

Kamusi iache kwenye kabati kwa kurasa 30 za kwanza. Neno usilolijua lipigie nukta ya penseli pembeni, uendelee. Mengi yatajieleza yenyewe. Yaliyorudi mara tatu ndiyo ya kutafuta, baada ya kusoma, si wakati wa kusoma. Na kifungu kilichokufurahisha kisome tena kwa sauti, hata kama uko peke yako chumbani. Pratchett aliandika kwa sikio, na kuna raha ndani ya sentensi zake ambayo jicho peke yake halifiki.

HATUA YA 10: Agiza kinachofuata mapema

Ukifika theluthi mbili ya kitabu cha pili, anza kutafuta cha nne. Kuagiza kunachukua wiki, na hamu ikikatwa katikati hupoa. Lakini usiagize zaidi ya viwili mbele. Rafu yenye vitabu 15 visivyosomwa huanza kukutazama kama deni.

Katika daftari andika kila kilichoingia na kila kilichoazimwa, jina la aliyeazima na tarehe. Vya katikati ya mkondo ndivyo visivyorudi, nawe utakuja kugundua siku unayovihitaji.

KUHUSU KUVITUNZA

Kwa wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja: unyevunyevu ni adui kuliko vumbi. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya rafu na ukuta, usivibane sana, na kila baada ya wiki kadhaa vitoe uvipepeshe kivulini. Usivifunge kwenye mfuko wa nailoni uliokazwa, maana jasho la ndani huzaa ukungu. Jua kali nalo hufubaza migongo na kukausha gundi, kwa hiyo rafu isielekee dirisha la magharibi. Karatasi ya matoleo ya miaka ya 1980 na 1990 itageuka rangi ya chai hata ukifanyaje. Haina madhara kwa msomaji.

UKIKWAMA

"Sicheki." Soma kurasa 50 kabla ya kuhukumu, kisha ujiulize kama tatizo ni lugha au kitabu. Utani mwingi umefichwa ndani ya majina. Guards! Guards! ni ukelele wa wakubwa katika michezo ya kuigiza ya zamani, wanapoita askari waje kufa kwa ajili yao. Kitabu kinawafuata askari hao hao. Carpe Jugulum ni Kilatini chenye maana ya kukamata koo, na kisa ni cha wanyonya damu. Jingo ni neno la mtu anayeshabikia vita. Ukijua jina tu, mlango umeshafunguka nusu. Kama lugha si tatizo na bado hucheki, badilisha mkondo. Walioshindwa na Rincewind wakampenda Vimes ni wengi.

"Nimechanganyikiwa, matukio yanarukaruka." Ni kawaida kwenye robo ya kwanza. Anasuka nyuzi nne au tano kisha anazivuta pamoja. Andika kwenye kadi yako ya alama majina ya wahusika watano wa mwanzo na kazi zao, kila jina mstari mmoja. Baada ya kurasa mia hutaihitaji.

"Kitabu cha katikati sikipati popote." Soma cha mkondo mwingine unapongoja. Ukishindwa kabisa, nunua kile kimoja kama kitabu pepe, kisha uendelee na vya karatasi. Usiruke tu. Watu hupanda vyeo, huoa na kufa kati ya kitabu na kitabu.

"Kimelowa." Usikianike juani wala usikipige pasi. Weka karatasi za kufutia jikoni kila baada ya kurasa 20, kisimamishe mbele ya feni, na ubadilishe karatasi kila baada ya saa chache. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya vitabu vizito kwa siku mbili.

"Nimesikia vya mwisho ni dhaifu, niviache?" Pratchett alitangaza mwaka 2007 kwamba ana ugonjwa wa ubongo wa jamii ya Alzheimer, na alilazimika kumaliza vya mwisho kwa kutamka maneno badala ya kuyachapa mwenyewe. Snuff na Raising Steam vina sentensi ndefu na kisa kilicholegea kuliko vya awali; ukiwapenda wahusika utavisoma kwa furaha, usipowapenda vitakuchosha, kwa hiyo visiwe mlango. I Shall Wear Midnight ni cha miaka hiyo hiyo na kina nguvu zote.

"The Shepherd's Crown nikisome lini?" Baada ya vinne vya Tiffany na, ikiwezekana, baada ya Wachawi wote sita. Usipekue kurasa zake za mbele dukani, usisome maelezo ya jalada la nyuma, wala usimuulize mtu kinahusu nini. Kinunue mapema kama umekiona, kiweke mwisho wa rafu, kisha urudi kwenye Wyrd Sisters.